Kutwa kwa miguu Kericho, chai inakoanzia

Marehemu baba yangu alibeba chai miaka ishirini na sita katika godauni moja pale Shimanzi, na amefariki bila ya kuuona mchai hata siku moja. Alama zilizopigwa kwenye makasha alizijua kama anavyojua majina ya wanawe: BP1, PF1, PD, D1. Alijua kasha la kiwanda kipi lina misumari iliyochomoza itakayokuchana bega. Lakini ukimuuliza chai yenyewe humea vipi, alikuwa akituambia, "Ni mti huko bara, mrefu kama mwembe. Watu huupanda kwa ngazi." Sisi watoto tuliamini. Nilipofika sekondari nikaona kitabuni picha ya akina mama waliozama hadi kiunoni katika majani, nikacheka peke yangu. Sikumsahihisha.

Novemba iliyopita ndipo nilipopata wasaa wa kwenda kuona kwa macho yangu. Nina rafiki niliyesoma naye diploma hapa Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mkipsigis wa Konoin, Kaunti ya Bomet, ambaye sasa anafundisha Kericho. Yeye huniita Sheikh, kama wanavyoitwa bara watu wote wa pwani wenye kofia, na mimi humwita Mwalimu. Nilipompigia simu kumwambia nakuja, alinipa sharti moja. "Sheikh, ukitaka kuiona Kericho, usiizunguke kwa gari. Ndani ya gari utaona kijani tu, na baada ya dakika kumi utalala. Njoo na viatu vizuri, tutatembea kutwa."

Basi nikatembea kutwa, na nayaandika haya kwa ajili ya wale wanaofikiria kwenda na kwa ajili ya wengi zaidi ambao, kama mimi zamani, chai wanaijua kuanzia kwenye birika.

Kwanza baridi. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na sisi tunaishi usawa wa bahari. Nilitoka nje baada ya sala ya alfajiri nimevaa koti juu ya sweta, na kikoi nimekizungusha shingoni, na bado meno yaligongana. Mwalimu alikuwa na shati. Tukapanda matatu ya barabara ya Nakuru, tukashuka Chagaik, kama kilomita nane mashariki ya mji, ili tuanze kurudi kwa miguu. Ushauri wangu kwa msafiri: anza mapema, kwa sababu mvua ya huku ina saa zake. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria husukumwa mchana kupanda milima hii, ikifika juu inapoa, na alasiri inamwagika, mara nyingi ikiwa mvua ya mawe. Ndiyo mvua hiyo iliyoifanya Kericho kuwa Kericho. Mchai hutaka maji karibu mwaka mzima, udongo wenye uchachu, na baridi isiyofika kuganda, na hapa vyote vitatu vimekutana.

Jambo la pili: mashamba makubwa yana wenyewe. Barabarani unapita upendavyo, lakini ukitaka kuingia kati ya michai uombe ruhusa. Mwalimu alikuwa amezungumza na msimamizi mmoja tangu juzi yake, na huyo akatupa kijana wa kutuongoza.

Ukungu ulipoinuka nikaiona. Nimezoea bahari, na sikutarajia kwamba nchi kavu inaweza kukaa hivi, bapa la kijani linalopanda na kushuka hadi macho yanapochoka, na juu yake usawa mmoja kama kitanda kilichotandikwa. Usawa huo ni kazi ya mikono. Kila baada ya siku saba hadi kumi na nne, kutegemea msimu, mchumaji hupita palepale na kuchukua majani mawili na chipukizi lake, basi. Jani la tatu ni gumu, huharibu chai. Na kila baada ya miaka mitatu au minne michai hukatwa chini ili ichipue upya. Mchai hautoi mavuno kama mwembe, msimu ukaisha ukapumzika. Huku karibu na ikweta huchumwa mwezi hadi mwezi, na mwanadamu anayeuchuma naye hapumziki.

Nilikuta kundi la akina mama kumi hivi, gambuti miguuni, aproni za plastiki nzito za kuzuia umande, vikapu mgongoni. Vidole vyao vinakwenda mbio kuliko macho yangu. Nilijaribu. Nilichuma kwa dakika tano, na mmoja wao, mama wa makamo kutoka upande wa Nyamira, akachungulia kiganja changu akacheka: "Baba, hiyo umechuma ni mboga." Wanalipwa kwa kilo. Nilimuuliza wako wangapi siku hizi. Akaonyesha kwa kidevu upande wa pili wa bonde, ambako kulikuwa na ngurumo kama ya bodaboda iliyokwama. Ilikuwa mashine ya kuchumia, inashikwa na watu wawili, mmoja kila upande, na nyuma yake mfuko unajaa kama tanga. "Pale tulikuwa watu wengi," alisema. "Sasa ni wale."

Nilisimama nikaitazama ile mashine kwa muda mrefu kuliko alivyotaka kijana wetu. Baba alisimulia mara nyingi jinsi kontena zilivyoingia bandarini, na jinsi makasha ya mbao yalivyoondoka ikaja mifuko ya karatasi iliyopangwa juu ya mbao na kuinuliwa na foklifti. Kundi lake lilikuwa la watu arobaini, akaliacha likiwa la watu tisa. Hapa Kericho hasira ilifika mbali zaidi. Mwezi wa Mei 2023 watu walizivamia mashine za kuchumia mashambani wakazichoma, na mtu alipoteza maisha katika vurugu hizo. Makampuni husema gharama za kuchuma kwa mkono zimepanda mno. Wachumaji husema hawana kazi nyingine. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Miezi mitatu kabla ya hapo, Februari 2023, BBC ilikuwa imeonyesha filamu ya uchunguzi kuhusu wanawake wa mashamba makubwa ya huku waliolazimishwa na wasimamizi kutoa miili yao ndipo wapate kazi. Sikumuuliza yule mama juu ya hilo. Mgeni wa dakika ishirini hana haki ya kuuliza swali kama hilo. Nilimwomba ruhusa ya kumpiga picha, akakataa, nikashukuru, tukaendelea.

Tulipokuwa tunashuka kwenye kijito, Mwalimu alinisimamisha chini ya safu ya miti iliyotuzidi kimo mara tatu au nne, yenye shina jeupejeupe na maua madogo meupe yenye kitovu cha manjano. "Sheikh, taja mti huu." Nikataja mlimau, nikataja mkahawa. Akang'oa ncha ya tawi akaniwekea kiganjani: majani mawili na chipukizi. Ni mchai. Pembezoni mwa mashamba huachwa mingine bila kukatwa, na mchai usiokatwa huwa mti kamili. Ule usawa wa kiunoni ni mkasi tu. Sikusema neno. Nilikuwa namfikiria baba na ngazi zake.

Tukaingia Chagaik penyewe. Kuna bustani ya miti pembeni ya bwawa, iliyoanzishwa miaka ya 1940 na mkulima wa chai Mwingereza, Tom Grumbley, aliyekusanya miti ya pande nyingi za dunia akaipanda kwenye majani mafupi. Maji yametulia, mayungiyungi juu yake. Tukaona mbega, wale weusi wenye mikia mirefu meupe, wakipita juu yetu kama watu wenye shughuli zao. Ni pahali pazuri, sitasema vinginevyo. Tulikaa pale kula mahamri niliyopewa na mke wangu, ambayo baada ya siku mbili njiani na usiku mmoja wa baridi yalikuwa yanafaa kujengea. Mwalimu alikula matatu kwa heshima.

Pale bwawani ndipo nilipouliza swali la mtu wa pwani: kabla ya chai, ardhi hii ilikuwa ya nani?

Jibu halina siri. Ilikuwa ya Wakipsigis, na ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa dini na waganga wao, ulikuwa ndani yake. Katika miongo ya kwanza ya karne iliyopita serikali ya kikoloni iliitenga kwa ajili ya walowezi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ekari 25,000 walipewa maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemaa vitani, ili walime kitani. Hapana, si chai. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa ndani ya miaka michache, na ardhi ikauzwa. Wasingefilisika wale maafisa, huenda tusingeijua Kericho kwa chai. Brooke Bond wakaingia mwaka 1924, James Finlay wakafuata muda mfupi baadaye, wakapanda mchai uliokuwa umejaribiwa Limuru tangu 1903. Miaka kumi baadaye, 1934, ikatungwa sheria maalumu ya kuwahamisha Talai. Takriban watu 700, wazee kwa watoto, walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, nchi ya mbung'o na malaria, wakakaa huko hadi karibu na Uhuru. Waliporudi, penye nyumba zao palikuwa na michai.

Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilitambua kwamba watu wa Kericho na Bomet walidhulumiwa. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaonyesha wasiwasi wao hadharani. Mwaka 2022 Wakipsigis na Talai wakaifikisha Uingereza kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mfalme Charles alipokuja Kenya mwaka 2023 alifika kwetu, Fort Jesus, akasikitika juu ya yaliyopita, lakini hakuomba radhi rasmi. Na mashamba yenyewe yamebadilisha mikono: ya Brooke Bond yakawa ya Unilever, na miaka hii ya karibuni hayo pamoja na yaliyokuwa ya Finlay yamenunuliwa na kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Katiba ya 2010 imeshusha mikataba ya wageni kutoka miaka 999 hadi 99. Ni nafuu kwenye karatasi. Anayesubiri miaka 99 labda ni mjukuu wa mjukuu.

Msomaji wa Kilifi, wa Kwale, wa Lamu, hahitaji kuelezwa zaidi. Sheria ya hati za ardhi ya pwani ilitungwa mwaka 1908, na hadi leo tuna vijiji ambavyo babu zimezikwa hapo na wajukuu wanaitwa maskwota. Nilimwambia Mwalimu hivyo. Akasema, "Kumbe sisi ni ndugu." Nikamwambia undugu wa msiba ndio wa haraka.

Tukashika barabara kuelekea mjini. Malori ya chai yanapita, na upepo ukigeuka unapata harufu ambayo mtu wa Shimanzi anaijua usingizini. Mwalimu aliwahi kufanya vibarua kiwandani wakati wa likizo akiwa kijana, akanieleza huku tunatembea. Majani yakifika hutandazwa kwenye mabirika marefu na kupulizwa hewa usiku mzima hadi yanyauke. Kisha hupitishwa kati ya magurudumu yenye meno yanayoyasaga, kuyachana na kuyakunja kuwa chembe. Chembe hizo za kijani huachwa zipate hewa, na kwa saa moja na kitu hugeuka rangi ya shaba kama tufaha lililokatwa. Ndipo huingia kwenye tanuri la hewa ya moto, na hapo huwa nyeusi. Moto unatokana na kuni, ndiyo maana kila kilima kina msitu wa mikaratusi pembeni. Mwisho huchekechwa, chembe kubwa upande wake, ndogo upande wake. BP1 ni kubwa, PF1 inafuata, PD ni ndogo zaidi, D1 ni vumbi. Baba alizijua herufi, sikujua kama aliwahi kuambiwa maana yake. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Yule mama wa Nyamira akijaza kikapu, ndani yake mna chai kidogo kuliko unavyodhani.

Unaingia mjini kwa kupita Tea Hotel, iliyojengwa na Brooke Bond miaka ya 1950, mashamba ya chai yakianzia nyuma yake. Siku za fahari yake zimepita. Tuliichungulia kutoka nje, tukapita. Miguu yangu ilikuwa imeanza kunilaumu.

Ilikuwa Ijumaa. Msafiri halazimiki sala ya Ijumaa, lakini nani afike mji wenye msikiti asikie adhana ajifanye hakusikia? Mwalimu alinisindikiza hadi mlangoni akaningoja kwenye kibanda cha chai. Ndani nilikuta Wasomali, Wanubi, vijana wa Kikipsigis waliosilimu, na mzee mmoja aliyeniuliza natoka wapi, nikasema Mombasa, akasema babu yake alitoka Mombasa na msafara wa Waingereza akasahau kurudi. Maji ya kutawadhia yalikuwa ya baridi ya kukumbusha kaburi. Alhamdulillahi, sala ilikuwa fupi.

Kutoka hapo tukaenda kwenye hekalu la Masingasinga, ambalo ni kati ya makubwa barani Afrika. Mgeni hushangaa: jengo kama hili katika mji mdogo wa chai? Limejengwa kwa kumbukumbu ya Baba Puran Singh, fundi seremala aliyekuja kutoka Punjab akaishi Kericho miaka mingi na kuendesha karakana, kabla ya kuhamia Uingereza miaka ya 1970 ambako alianzisha jumuiya kubwa ya Masingasinga mjini Birmingham. Wafuasi wake wanakuja hapa kutoka Ulaya. Mlangoni unavua viatu, unanawa mikono, unafunika kichwa, na mimi kofia yangu ilinitosha. Anayefika hulishwa bure, yeyote awe, dini yoyote. Chakula hakina nyama kabisa, kwa hivyo hata suala la nani alichinja halipo. Tulikaa chini tukala chapati na dengu, na chai ya maziwa yenye iliki ambayo, Mungu anisamehe, ilikuwa tamu kuliko ya nyumbani. Dereva wa lori aliyekaa karibu nasi alisema kila safari husimama hapa. Hakuna aliyetuuliza jina.

Kisha tukapanda kilima kuliona kanisa kuu la Katoliki la Moyo Mtakatifu, lililofunguliwa mwaka 2015. Limechorwa na wasanifu wa London, John McAslan na wenzake, linaingiza watu 1,500, na paa lake la vigae linaanza chini mlangoni na kupanda polepole kufuata kilima, hadi ukilitazama kwa mbali unaona kama sehemu ya mlima. Ndani ni mbavu za zege zinazopanuka, na mwanga unashuka kati yake. Sikuwa nimetarajia kulipenda. Tulipokuwa ukumbini mvua ya mawe ikaanza kupiga vigae, na kwa nusu saa hatukuweza kusikilizana. Mhudumu akatuletea viti. Nilikaa nikavua kiatu kimoja na kuhesabu malengelenge, manne.

Siku haikuishia hapo. Mvua ilipotulia, Mwalimu alisema mamake ametuandalia chakula nyumbani Konoin, tukapanda matatu. Ukivuka kuingia Bomet, mandhari yanabadilika taratibu. Mashamba makubwa yanakatika, na badala yake unaona ekari mbili hapa, nusu ekari pale, mahindi, ng'ombe, na kipande cha chai mlangoni. Hao ni wakulima wadogo wanaopeleka majani yao kwenye viwanda vya KTDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 ili Mwafrika naye alime zao alilokuwa amekatazwa. Leo wakulima hao ni zaidi ya 600,000 nchini, na ndio wanaotoa sehemu kubwa ya chai ya Kenya.

Mama alitupokea jikoni, kwenye moto. "Chamgei," akanisalimia. Nikajibu, "Chamgei mising, mama," kama nilivyofundishwa njiani, akafurahi, kisha akamimina chai. Nikaona pakiti dirishani. Ameuza majani mabichi, naye hununua chai dukani kama mimi. Aliponiuliza nyumbani ni wapi nikasema Mombasa, aliweka birika chini. Mwalimu alitafsiri, ingawa sura yake ilitosha.

"Huko Mombasa ndiko chai yetu hupelekwa. Mnaifanyia nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Majani yake hupimwa kituoni, hulipwa kiasi kila mwezi, kisha mwisho wa mwaka wa hesabu hungoja bonasi. Bonasi ya Kericho na Bomet imekuwa ndogo kuliko ya wenzao wa Murang'a, Nyeri na Kirinyaga, na kila akiuliza kwa nini, anaambiwa: bei ya Mombasa. Kwake Mombasa ni mtu. Mtu mmoja mkali anayekaa mbali na kuamua karo ya wajukuu.

Nikajaribu kumweleza. Mnada ulianza Nairobi 1956, ukahamia Mombasa 1969, kwa sababu bandari iko kule. Chai ya viwanda vyote, na ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine, hukaa kwenye magodauni. Kila fungu hutolewa kidogo, hupelekwa kwa waonjaji ambao huvuta funda kwa kishindo, hutema, na kuandika. Madalali hutangaza, wanunuzi hupandishiana, na tangu wakati wa korona hufanya hivyo kwa kompyuta. Mnunuzi mkubwa ni Pakistan, kisha Misri na Uingereza. Bei ya wastani ni dola mbili na ushee kwa kilo ya chai kavu, na wanunuzi hutoa zaidi kwa chai ya mashariki ya Bonde la Ufa kuliko ya huku. Mwaka 2021 serikali iliweka bei ya chini kabisa, dola 2.43. Wanunuzi wakaiacha chai nyingi, ikarundikana Mombasa hadi magodauni yakajaa, na sharti hilo likaja kuondolewa.

Alisikiliza yote. "Kwa hivyo wewe hujui pia," akasema.

Nikamwambia baba yangu alikuwa akizibeba. Mwalimu alipotafsiri hilo, alinitazama upya. Akauliza kama alilipwa vizuri. Nikasema hapana. Akaniongezea chai, na kimnyet na mboga, na maziwa ya mursik, ambayo ni machachu na yana majivu ya mti ndani yake na yanahitaji moyo. Nilimaliza kibuyu kidogo. Nadhani hapo ndipo nilipokubaliwa.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, nilitoka kwenye kipande chake cha chai nikapiga picha moja ya michai ya kiunoni. Ile ya mti mrefu wa kijitoni nilikuwa nayo tangu jana yake.

Niliporudi Mombasa nilikwenda moja kwa moja kwa mama, Majengo, mguu bado unachechemea. Nikamwonyesha simu. Akaisogeza karibu na macho.

"Ndiyo hii? Mbona mifupi hivi? Babako akisema ni mirefu kama mwembe."

"Tazama na hii, mama," nikamwambia, nikaipangusa kioo na kidole ikaja ya pili. "Ni huohuo. Huu haukukatwa."

Akaitazama sana, kisha akaniuliza kama nimemletea majani.